Mkatale, Pingu na Kitanda cha Pete Nne: Historia ya Kifungo cha Hiari katika Lugha ya Mapenzi

Makala haya yamezuka kutokana na risiti. Fundi mmoja wa samani anayewauzia wakazi wa Elgon View, mjini Eldoret, alinionyesha mchoro alioletewa na mteja: kitanda cha mbao chenye nguzo nne fupi, na katika kila nguzo pete ya chuma. Fundi alikuwa na maswali mawili. Kwanza, je, kitanda hicho kilikusudiwa kumfungia mgonjwa wa akili? Aliwahi kuona jambo hilo kijijini kwao, akaapa kwamba mikono yake haitalifanyia kazi. Swali la pili lilionekana jepesi: "Mwalimu, kwenye risiti niandike nini?" Nami, kwa haraka ya mtu aliyezoea kuishi na makamusi, nikamjibu kwamba Kiswahili kina neno mkatale. Jibu hilo lilikuwa kosa, na kosa lenyewe ni la kihistoria kabla ya kuwa la kimsamiati.

Mkatale ni gogo lenye matundu ya kubania miguu ya mfungwa. Kongwa ni mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka katika misafara ya kutoka bara. Pingu, minyororo na silisili zimo katika ukoo huo huo. Hakuna hata chombo kimoja kati ya hivi ambacho historia yake inamtambua aliyefungwa kuwa mtu mwenye kauli. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa anatiwa gerezani na kufungwa, na anaokoka kwa sababu mama yake amemfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa. Ngoma ya gungu inavuma nje, naye anakereza chuma. Wahakiki wengi wameisoma tupa ile kama ishara ya werevu. Inafaa isomwe pia kwa namna ya kawaida kabisa: ni kifaa cha kujifungulia, na kililetwa kwa siri kwa kuwa wafungaji hawakukusudia afunguliwe akiwa hai.

Lakini lugha hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia kwa arusi. Magazeti yetu husema bwana na bibi "wamefunga pingu za maisha", wala msomaji hashtuki. Ndoa hufungwa, mpenzi ni mateka, moyo umetiwa kifungoni. Sitiari hizi hufundishwa madarasani kama sitiari zilizokufa, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu. Sitiari hufa pale tu jambo lililoizaa linaposahaulika, na pwani yetu haikupewa nafasi ya kulisahau mapema. Mkataba wa 1873 baina ya Sultani Barghash na Waingereza ulifunga soko la watumwa la Unguja. Amri ya 1897 ikaondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Katika pwani ya Kenya hatua hiyo ilikuja mwaka 1907. Amri ya 1897 iliwaacha nje masuria. Mwanamke aliyelala katika nyumba ya bwana kwa sababu alimilikiwa alibaki hivyo kisheria hadi amri ya 1909. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka 12, mlango wa shamba ulifunguliwa na mlango wa chumba cha ndani ukabaki umefungwa.

Desturi za Waswahili zilizoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari na kuchapishwa na Carl Velten mwaka 1903 zinaeleza unyago, arusi na utumwa ndani ya kitabu kimoja, tena kwa sauti ile ile tulivu. Msomaji wa leo hana budi kujiuliza: mshairi wa pwani aliyejiita mfungwa wa mapenzi alikuwa akisikilizwa na nani? Mwungwana aliyejitia kifungoni kwa maneno aliweza kujitoa kwa maneno. Mjakazi aliyepita na sinia hakuweza. Baadhi ya wahakiki wa kike wameona kwamba sitiari yote kwa hiyo imeoza. Siafiki hukumu hiyo, ingawa naiheshimu. Naona kwamba sitiari ya mpenzi aliyefungwa huwa na maana pale tu mfungwa anapokuwa na uwezo wa kutoka, na kwamba kosa letu ni kuzisoma pingu za aina mbili kana kwamba zimefuliwa na mhunzi mmoja.

Huko Ulaya samani za namna hii zilipata jina mapema. Mwaka 1828 Theresa Berkley wa London, mwenye danguro lililojulikana kwa viboko, alibuni fremu ya kumfungia mteja. Mpaka leo inaitwa farasi wa Berkley. Aliyefungwa hapo ndiye aliyelipa, jambo linalopindua kabisa mantiki ya mkatale. Hata hivyo hiari haikumaliza mjadala. Mwaka 1993, katika kesi ya Brown, Nyumba ya Mabwana ya Uingereza iliamua kwa wingi wa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba ridhaa ya watu wazima si utetezi pale wanapojeruhiana kwa ajili ya ashiki. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, ila hoja za aina hiyo husafiri. Sheria yetu ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, kifungu cha 42, inasema mtu huridhia iwapo anakubali kwa kuchagua, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Ni sentensi nzuri kuliko nyingi za ushairi. Inasikitisha kwamba kifungu kinachofuata, cha 43, kinawaondoa wanandoa katika hukumu zake, kana kwamba pingu za maisha zimekwisha kumjibia mke. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 ndiyo iliyoutaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa.

Narudi kwa fundi, kwa maana yeye aliyajua mambo ambayo mimi nimeyapata vitabuni. Alisema kitanda cha kulalia hubeba uzito uliotulia, lakini mtu anayevuta pete hutikisa nguzo kutoka upande. Kwa hiyo pete haifungwi kwa msumari wala parafujo fupi, bali kwa bolti inayopenya nguzo yote na kukazwa kwa nati upande wa pili. Kingo zilainishwe. Mengine ni ya watumiaji. Kifungo kiwe cha ngozi pana yenye sponji ndani, si kamba nyembamba, na vidole viwili vipite kati yake na mkono. Uzito wa mwili usining'inie kwenye vifundo, kwa kuwa mshipa wa fahamu uliobanwa waweza kuulegeza mkono kwa wiki kadhaa. Kidole kikipoa au kikifa ganzi, fungua papo hapo. Shingo haifungwi kamwe. Aliyefungwa haachwi peke yake hata kwa dakika ya kwenda mlangoni, na anayefunga asiwe amelewa. Mkasi wenye ncha butu uwe karibu: hiyo ndiyo tupa ya Liyongo, safari hii ikiwa wazi juu ya meza. Na kabla ya yote wawili hao wakubaliane neno ambalo likitamkwa kila kitu hukoma bila kuulizana sababu. Neno lisiwe "hapana" wala "wacha", maneno yanayoweza kuingia katika mchezo wenyewe. Liwe neno kavu, la sokoni. Mtu mwenye kitambaa mdomoni hupewa ishara nyingine, kama kitu cha kudondosha.

Nilipomweleza fundi historia ya mkatale alinikemea kwa upole. "Mwalimu, ungeniandikisha utumwa kwenye risiti ya mtu." Kisha akaweka sharti ambalo halikuwamo katika mchoro: hatatoboa nguzo hata moja mpaka waje wote wawili, maana aliyeleta mchoro alikuwa mume peke yake. Walikuja Jumamosi. Fundi aliniambia kwamba mke ndiye aliyezungumza zaidi. Alitaka pete zishushwe kwa upana wa kiganja, na vifungo viwe vya kufunguka kwa mkono mmoja, tena kutoka ndani, yaani na yule anayelala. Mume alikuwa amechora kufuli. Kufuli zikaondolewa, bei ikapungua kidogo, na kwenye risiti fundi akaandika: kitanda kimoja, pete nne, bila kufuli.