Kimea Kilichodhaniwa Kuvumwani: Historia ya Jina na Funzo Lake kwa Istilahi

Miongoni mwa kazi zinazohitaji hadhari kubwa katika uundaji wa istilahi ni kuyapokea majina ya mimea kutoka lugha nyingine. Jina la mmea hubeba dhana waliyokuwa nayo watu waliolitunga, na dhana hiyo ikiwa potofu, upotofu husafiri pamoja na jina hadi katika lugha inayolipokea. Katika makala haya tumekusudia kufuata historia ya jina la kimea kimoja kidogo cha milimani, kiitwacho na wanasayansi Selaginella watsonii, ili tuone jambo hilo linavyotokea na namna ya kujikinga nalo.

Kwanza yafaa tukijue kimea chenyewe. Makao yake ni milima ya magharibi ya Marekani, hasa Sierra Nevada ya California na safu za milima ya Nevada na Utah. Huota katika nyufa za miamba na kwenye miteremko ya mawe, mahali ambapo miti huwa michache au imekwisha kabisa. Mashina yake hutambaa, hutoa matawi mafupi, na matawi hayo husongamana hata yakafanya kitu mfano wa mkeka uliotandikwa juu ya jiwe. Majani ni madogo mno, yamelibana shina pande zote, na kila moja huishia kwa unywele mfupi. Umbo hilo la mkeka lina manufaa yake. Katika nyanda hizo upepo ni mkali na majira ya joto ni mafupi. Mmea uliolala chini huukwepa upepo na kufaidi joto lililohifadhiwa na mawe. Uzazi unapofika, ncha za matawi huwa visuke vyembamba vyenye pembe nne, na humo ndimo spora zinamokomaa, yaani zile chembe laini kama vumbi ambazo mimea isiyo na mbegu huzaliana kwazo.

Jina la kawaida la kimea hiki katika Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, ni "kuvumwani wa masuke". Sehemu ya pili ya jina hilo ni ya kweli, kwani masuke yapo. Sehemu ya kwanza si kweli. Kuvumwani halisi, yaani vile vimea vya kijani vinavyofunika mawe na magogo yenye unyevu, havina mishipa ya kweli ya kupitishia maji na chakula, wala havina mizizi. Kimea chetu kina mishipa, kina mizizi, na kina majani yenye mshipa katikati. Basi jina hilo lilitoka wapi?

Lilitoka katika enzi ambapo wataalamu wenyewe walikuwa wakiamini hivyo. Mwaka 1741 Johann Jakob Dillenius, mtaalamu wa mimea wa Oxford, alitoa kitabu kikubwa juu ya historia ya kuvumwani, na ndani yake aliviweka vimea vya jamii hii. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi alifuata njia iyo hiyo: jamaa wa kimea chetu anayeota Ulaya alimwita Lycopodium selaginoides, akamweka katika fungu la kuvumwani. Hatuna sababu ya kuwalaumu. Walitazama kwa macho waliyokuwa nayo, na kwa macho matupu kimea kidogo cha kijani kinachotambaa juu ya jiwe hufanana sana na kuvumwani.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Palisot de Beauvois, aliyekuwa amezuru Benin na Oware katika Afrika Magharibi kutafuta mimea, alilitenga kundi hili na kulipa jina la Selaginella. Jina hilo ni udogo wa neno la Kilatini selago, ambalo Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, alilitumia kwa mmea uliochumwa na makuhani wa Gaul kwa miiko mingi. Maana yake, basi, ni "kiselago". Hata jina la kitaalamu, kama tuonavyo, lilizaliwa kwa kufananisha.

Ukweli ulidhihirika kwa hadubini. Mwaka 1851 Mjerumani Wilhelm Hofmeister alichapisha uchunguzi wake wa uzazi wa kuvumwani, kangaga, jamaa za Selaginella na misonobari. Alionyesha kwamba katika mimea hii yote vizazi viwili hupokezana. Katika kuvumwani, kizazi tukionacho kikitandaa juu ya jiwe ni kile kinachotoa mbegu za kiume na mayai. Katika Selaginella, kizazi tukionacho ni kile kinachotoa spora. Tena spora za Selaginella ni za namna mbili, kubwa na ndogo, na kizazi cha kike hukua ndani ya ganda la spora kubwa, jambo linalokaribia kabisa njia ya mimea yenye mbegu. Kwa hiyo vitu viwili vilivyokuwa vikiitwa kwa jina moja vilikuwa vimeachana katika jambo la msingi la maisha yao. Leo tunajua pia kwamba jamaa za kale za kimea hiki zilikuwa miti mirefu, na kwamba mabaki yake yamo katika makaa ya mawe yenye umri wa miaka milioni 300 hivi.

Tukija kwa kimea chetu hasa, nacho kilichelewa kutambuliwa kwa sababu ya mfanano. Kwa miaka mingi vimea vya namna hii vilivyookotwa kwenye miamba ya Marekani viliingizwa vyote katika spishi moja, Selaginella rupestris. Mwaka 1898 Lucien Marcus Underwood alivitazama upya, akalinganisha majani, nywele za ncha na namna ya kutambaa, akatenga spishi kadhaa. Mojawapo aliipa jina la Sereno Watson, aliyeshiriki katika msafara wa upimaji ulioongozwa na Clarence King kuanzia mwaka 1867, na ambaye mwaka 1871 alichapisha kitabu juu ya mimea ya nchi walizopita.

Funzo kwetu ni lipi? Jenasi hii ina spishi zaidi ya 700, nazo hazikosekani kwetu: Selaginella kraussiana hutanda katika misitu yenye unyevu ya milima ya Afrika Mashariki. Mwalimu wa elimu ya viumbe hana budi kuzitaja. Akifuata tafsiri sisisi na kusema "kuvumwani wa masuke", atamfundisha mwanafunzi kosa lililosahihishwa tangu mwaka 1851, na mwanafunzi huyo ataliandika katika mtihani kwa nia njema kabisa. Hatari ni kubwa zaidi kwa kuwa neno kuvumwani lenyewe limeundwa kwa kuvu na mwani, ilhali kinachoitwa hivyo si kuvu wala si mwani. Tukiliongezea mzigo wa tatu, neno litaelemewa.

Kwa hiyo tunapendekeza njia iliyo sahili. Jina la jenasi litoholewe kuwa selajinela. Neno suke, ambalo kila mkulima wa mtama analijua, litumike kwa kiungo cha spora, kwa kuwa linaeleza kitu kama kilivyo. Neno mkeka litumike kueleza umbo la kutandaa, nasi tuseme "selajinela mkeka ya Watson". Kuvumwani na libaki na vyake. Linnaeus aliteleza kabla ukweli haujadhihirika. Sisi tunaujua, na tukiteleza hatutakuwa na udhuru kama wake.