Chungwa na Ganda la Chokoleti

Msomaji, ikiwa jikoni kwenu pana sufuria mbili, kipande kikubwa cha chokoleti nyeusi na machungwa mawili matatu, basi unavyo vyote vya kufanyia jambo ambalo wapishi wa wafalme wa Hispania wa karne ya 17 wasingaliliweza, ingawa ghala zao zilijaa kakao. Chukua kipande cha chungwa, ukichovye katika chokoleti iliyoyeyuka, ukiweke juu ya karatasi, kisha ungoje. Baada ya muda yale yaliyokuwa majimaji huwa ganda gumu, jeusi, lenye kung'aa, ambalo hukatika kwa mlio mdogo ulitiapo meno. Watu walitumia kakao kwa maelfu ya miaka pasipo kulijua ganda la namna hiyo. Nataka tuitazame sababu yake, na tukimaliza tutazame pia mikono iliyoipanda kakao yenyewe, maana habari hizi mbili hazitengani.

Mti wa kakao asili yake ni misitu ya upande wa juu wa mto Amazon. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta vyombo vyenye masalio ya kakao mahali paitwapo Santa Ana-La Florida, nchini Ecuador, na umri wa masalio hayo wapata miaka 5,300. Huko Mexico na Amerika ya Kati, Wamaya na Waazteki waliithamini mbegu ya kakao hata wakaitumia kama fedha sokoni. Lakini hawakuitafuna kama tufanyavyo sisi, waliinywa. Waliichachusha mbegu, wakaianika, wakaikaanga, wakaisaga juu ya jiwe, wakaichanganya na maji na pilipili, kisha wakaimimina kutoka chombo kimoja hata kingine mpaka ikafanya povu. Wahispania walioingia Mexico mwaka 1519 pamoja na Hernán Cortés walikikuta kinywaji hicho kikiheshimiwa sana. Walikipeleka kwao, wakakitia sukari, wakakinywa moto. London ilipata nyumba yake ya kwanza ya kuuzia chokoleti mwaka 1657. Popote kilipofika, kilibaki kinywaji.

Kizuizi kilikuwa mafuta. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya kakao ni mafuta, nayo yalielea juu ya kikombe kama yaeleavyo mafuta ya nyama juu ya mchuzi uliopoa. Wauzaji walijaribu kuyaficha kwa unga na vitu vingine. Mwaka 1828, mjini Amsterdam, nyumba ya Van Houten ilipata hati ya serikali ya kulinda ufundi mpya: shinikizo lenye nguvu la kukamua sehemu kubwa ya mafuta yale. Kilichobaki kilisagwa kikawa unga mwepesi uliochanganyika vyema na maji. Lengo lao lilikuwa kukitengeneza kinywaji, wakakitengeneza kweli. Ila pembeni mwa shinikizo palibaki mafuta matupu, ya rangi ya manjano hafifu, magumu yakiwa baridi na maji yakiwa katika joto.

Mafuta hayo ndiyo yaliyoleta mabadiliko. Mwaka 1847 nyumba ya Fry, ya mji wa Bristol huko Uingereza, iliyarudisha mafuta yaliyokamuliwa ndani ya kakao iliyosagwa, pamoja na sukari. Wakapata uji mzito uliomiminika katika kalibu, nao ulipopoa ukawa kipande cha kutafuna. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: kilichoondolewa kwa kuwa ni kero ya kikombe kikawa ndicho kiungo cha thamani.

Mswisi Daniel Peter, wa mji wa Vevey, alipata chokoleti ya maziwa mwaka 1875, baada ya kusumbuliwa miaka mingi na maji yaliyomo katika maziwa. Mwenzake wa mji wa Bern, Rodolphe Lindt, alibuni mwaka 1879 mashine ya kuisuguasugua chokoleti kwa muda mrefu mpaka ikawa laini kabisa. Yasimuliwa kwamba aliisahau mashine ikizunguka tangu Ijumaa mpaka Jumatatu. Hadithi hiyo yapendeza, ila sina haja ya kukusihi uiamini. La maana ni kwamba tangu wakati ule chokoleti iliweza kutiririka kama asali na kulivika tunda vazi jembamba. Wafaransa huchovya namna hiyo maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Katika nchi za Ghuba leo huchovywa tende.

Sasa turudi jikoni. Menya chungwa, ukitenge kipande kimoja kimoja, wala usiipasue ngozi yake nyembamba. Vianike vipande juu ya kitambaa safi mpaka visiwe na unyevu hata kidogo. Jambo hili usilidharau, kwa kuwa tone moja la maji likiingia katika chokoleti iliyoyeyuka, sukari hushikamana na chokoleti yote huwa donge gumu la kuchukiza. Peter aliteswa na maji kwa miaka. Wewe waweza kuteswa kwa dakika moja.

Katakata chokoleti vipande vidogo. Theluthi moja iweke kando. Sehemu iliyobaki itie katika sufuria ndogo kavu, uikalishe juu ya sufuria kubwa yenye maji ya moto yasiyochemka, na mvuke usiingie ndani. Ikiisha kuyeyuka, iepue, uitie ile theluthi kidogo kidogo huku ukikoroga pasipo haraka. Kwa nini tusiiyeyushe yote pamoja? Mafuta ya kakao, yakiganda, hujipanga katika chembe ndogo ziitwazo fuwele, na wataalamu wamezihesabu namna sita za kujipanga. Namna moja tu ndiyo itoayo ganda linalong'aa na kukatika kwa mlio. Nyingine hutoa ganda laini, lenye mawaa meupe, ambalo hushika vidoleni. Chokoleti uliyonunua dukani ina fuwele zile njema. Ile theluthi, kwa hiyo, ni mfano wa kuigwa: yaingia katika majimaji na kuyafundisha jinsi ya kujipanga. Mwenye kipimajoto aiyeyushe mpaka nyuzi 45 hivi, aiache ipoe kufika 28, kisha aipashe tena kidogo mpaka 31 au 32. Asiye nacho na atie tone chini ya mdomo wake: likiwa baridi kidogo kuliko mwili, wakati umefika.

Chovya, kung'uta, weka. Fuwele hizo huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, hali mwili wa mtu una nyuzi 37. Ndiyo maana chokoleti hukaa mkavu sahanini na kuyeyuka kinywani. Ndiyo maana pia ndugu zetu wa Mombasa, katika joto la Februari, watangojea sana, na mtoto wa Limuru, katika baridi ya Julai, atamaliza kazi mapema.

Wakati vipande vyako vinaganda, nisikilize kwa habari ya pili.

Katika karne ya 19 Wareno waliutoa mti wa kakao Brazil wakauleta katika visiwa vyao vya Príncipe na São Tomé, karibu na pwani ya magharibi ya Afrika. Viwanda vya Ulaya vilivyopata ufundi wa Fry na Lindt vilihitaji kakao nyingi kila mwaka, na visiwa vikahitaji watu wa kuichuma. Sheria ya Ureno ilikwisha kuufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1875. Lakini watu walikamatwa na kununuliwa ndani ya Angola, wakaswagwa mpaka pwani, wakaulizwa mbele ya karani kama wamekubali kazi ya miaka mitano, kisha wakapakiwa merikebuni. Miaka mitano ilipokwisha, mkataba ulianzishwa upya. Karibu hakuna aliyerudi kwao. Mwandishi wa magazeti Henry Nevinson alisafiri huko mwaka 1904 na 1905, akaziona kando ya njia za Angola pingu za miti walizofungwa wasafiri hao, akayaandika aliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 1906.

Miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kakao ya São Tomé ilikuwamo nyumba ya Cadbury, ya Birmingham, ambayo wenyewe walikuwa watu wa dini, maarufu kwa kuwajengea wafanyakazi wao nyumba nzuri zenye bustani. Fununu zilikwisha kuwafikia mwaka 1901. Walimtuma mtu wao, Joseph Burtt, kuchunguza. Safari yake ilianza mwaka 1905, na habari alizorudi nazo zilikuwa mbaya. Bado waliendelea kununua, wakisema kwamba mnunuzi ndiye mwenye nguvu ya kuwasihi Wareno watengeneze mambo. Hatimaye, mwezi wa Machi 1909, wao pamoja na nyumba za Fry na Rowntree walitangaza kwamba hawatainunua tena kakao ya visiwa vile.

Kabla ya hapo gazeti moja la London, liitwalo Standard, lilikuwa limewaumbua kwa unafiki. Cadbury walilishtaki, na kesi ikasikizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka 1909. Raia walioketi kuiamua walikubali kwamba gazeti lilikuwa limewakashifu. Walipoulizwa ni fidia gani iwafaayo wenye jina lililochafuliwa, walitaja robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote zilizokuwako Uingereza. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa nzuri sana. Cadbury walishinda kesi, na kila mtu katika chumba kile alifahamu walivyoshinda.

Wakati huo kakao ilikuwa ikistawi kwa njia nyingine upande wa bara. Mhunzi mmoja wa Gold Coast, nchi tuiitayo sasa Ghana, jina lake Tetteh Quarshie, alikuwa amefanya kazi katika kisiwa cha Fernando Po, akarudi kwao katika miaka ya 1870 akiwa na mbegu za kakao, akazipanda Mampong-Akuapem. Majirani waliona, wakapanda. Hakuna bwana aliyewashurutisha. Walinunua ardhi na kufyeka misitu kwa mapato yao wenyewe, na walipohitaji vibarua waliwaajiri. Kufikia mwaka 1911 nchi hiyo ilizishinda nchi zote za dunia kwa mavuno ya kakao. Huku kwetu Afrika Mashariki mti huo umeshika katika sehemu chache tu, kama Bundibugyo nchini Uganda na Kyela nchini Tanzania.

Usidhani kwamba aliye huru shambani amekuwa huru na sokoni. Mwaka 1937 makampuni ya Ulaya zaidi ya kumi, na Cadbury ikiwamo, yalipatana kugawana kakao ya Gold Coast ili yasishindane kwa bei. Wakulima walipopata habari, waliikataa bei hiyo. Tangu Oktoba ya mwaka ule mpaka Aprili 1938 waliiweka kakao majumbani mwao, machifu wengi wakiwa nyuma yao, wakagoma pia kununua bidhaa katika maduka ya makampuni hayo. Fikiri gharama yake: mkulima mwenye deni na watoto wa shule akaitazama mali yake kwa miezi sita pasipo kuiuza. Serikali ya Uingereza ilipeleka tume, na taarifa yake ya mwaka 1938 iliyalaumu makampuni kwa mapatano yale. Yaliachwa.

Ila si Tetteh Quarshie, wala majirani zake, wala wale walioswagwa kutoka Angola, ambao mbegu zao zilikamuliwa karibu na nyumba zao. Zilipakiwa katika magunia zikaenda Bristol, Birmingham na Hamburg, na huko ndiko mafuta yalikotenganishwa, yakarudishwa, yakasuguliwa, yakauzwa kwa bei ya mara nyingi kuliko ile ya gunia. Hata leo, ingawa Ghana na Côte d'Ivoire zina viwanda vyao, sehemu kubwa ya mbegu zao yasafiri safari ile ile.

Sasa gusa kipande chako kwa kidole. Kama hakishiki na kinang'aa, kibandue karatasini, uwaite wadogo zako. Viliwe siku hii hii, kwa maana chungwa huanza kutoa maji, na maji, kama ujuavyo, hayapatani na ganda.