Mji Uliouza Majani

Hebu jaribu kumwambia nyanyako aache shamba kidogo, achume majani ya miti apeleke sokoni. Si atakuuliza kama uko sawa? Basi hivyo ndivyo wanakijiji wa Kamikatsu walivyomwangalia kijana mmoja mwaka 1986.

Kamikatsu ni mji mdogo wa wakulima milimani, mkoa wa Tokushima, kisiwa cha Shikoku, Japani. Miaka ya 1950 ulikuwa na watu zaidi ya 6,000. Walitegemea mbao na mikan, yale machungwa madogo yanayofanana na chenza zetu. Mbao za bei rahisi kutoka nje zikaharibu soko. Halafu Februari 1981 ikaja baridi kali ikaua karibu michungwa yote. Vijana walikuwa washaanza kuhama, sasa hata wazee wakakosa la kufanya.

Yokoishi Tomoji alikuwa mshauri wa chama cha ushirika cha wakulima pale, na hakuwa mwenyeji. Siku moja akiwa mkahawani Osaka aliona wasichana wakifurahia jani jekundu lililopamba sahani ya chakula. Akajiambia, kwetu haya yamejaa! Aliporudi, wengi walimcheka. Kuuza majani ilionekana aibu, kama kuombaomba. Alianza na wakulima wanne tu.

Na mwanzoni majani hayakuuzika. Hapa ndipo watu huruka wanaposimulia hii stori. Yokoishi alitumia pesa zake mwenyewe kula kwenye mikahawa ya bei ghali ili ajue wapishi wanataka nini: ukubwa gani, rangi gani, msimu gani. Akagundua kwamba jani la vuli linatakiwa kabla vuli yenyewe haijafika. Wazo peke yake halikutosha. Ilibidi amjue mnunuzi.

Kwa nini kazi hii iliwafaa akina nyanya? Jani ni jepesi. Mtu wa miaka 80 hawezi kubeba kreti za machungwa mlimani, lakini sanduku dogo la majani analiweza. Tena wao ndio wanaoijua miti. Maagizo yakaanza kuletwa kwa faksi, baadaye kwa kompyuta. Anayejibu kwanza ndiye anayepata oda, kwa hivyo mabibi wakajifunza kompyuta haraka kuliko wajukuu walivyotarajia. Leo wanauza zaidi ya aina 300.

Mji huohuo ulikuwa ukichoma taka kwenye shimo la wazi. Sheria ya kudhibiti sumu ya dioksini ilipokaza mwaka 2000, ilibidi matanuri yao madogo yafungwe, na pesa za kujenga tanuri kubwa hazikuwepo. Wakaamua kutenganisha taka, na mwaka 2003 wakatangaza lengo la kutobakisha taka yoyote. Siku hizi wanazigawa katika mafungu zaidi ya 40. Gari la taka halipiti nyumbani, unapeleka mwenyewe. Takriban asilimia 80 hutumika tena.

Sasa nisiwadanganye. Kamikatsu haijaokoka. Wakazi hawafiki 1,500, na zaidi ya nusu wamepita miaka 65. Majani yalileta pesa, lakini hayakurudisha watoto wote waliohama. Anayekuambia biashara moja inaweza kufufua kijiji anakuuzia ndoto.

Lakini mimi binafsi naona kuna kitu kikubwa pale. Sisi tukiongea kuhusu mashambani, tunaongea kuhusu vijana tu, kana kwamba wazee waliobaki wanangoja tu kuzikwa. Kule, mtu aliona kwamba hao waliobaki ndio wenye ujuzi, akawatafutia kazi inayolingana na nguvu zao.

Krismasi ukienda ocha, kabla hujamweleza nyanya mipango yako, muulize kwanza anajua nini kuhusu ile miti iliyo nyuma ya nyumba. Halafu uje utuambie alisema nini.