Ubalozi wa Unguja: Hati za Muungano na Siasa ya Nje ya Tanzania

Siasa ya nje ya Tanzania huelezwa mara nyingi kwa kumtazama Mwalimu Nyerere na misimamo yake: kutofungamana na upande wowote, ukombozi wa kusini mwa Afrika, kukataa kuamuliwa na wakubwa. Hayo yote yana ukweli wake. Hata hivyo, migogoro miwili mizito ya historia hiyo haieleweki bila kuanzia kwenye waraka mfupi uliotiwa saini Unguja tarehe 22 Aprili 1964. Waraka huo, Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, ulitaja mambo 11 ya Muungano, na la pili katika orodha hiyo ni mambo ya nje. Zanzibar ilibaki na serikali yake na Baraza lake la Mapinduzi, lakini haki ya kuzungumza na mataifa mengine ikahamia Dar es Salaam.

Tatizo ni kwamba Zanzibar ilikuwa imeshazungumza. Katika miezi michache baada ya Mapinduzi ya Januari 12, serikali ya Rais Karume wa Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na ubalozi wake ukafunguliwa Unguja wakati hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokuwa imethubutu kufanya hivyo. Muungano ulipokuja, balozi za wakubwa hazikuleta taabu kubwa: Urusi, China, Uingereza na Marekani zilikuwa na wawakilishi Dar es Salaam, kwa hiyo ofisi zao za Unguja ziliweza kushushwa daraja zikawa balozi ndogo. Ujerumani Mashariki haikuwa na pa kushukia. Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, peke yake, na dola moja haiwezi kuitambua nchi kwa upande wa kisiwani tu. Kuifukuza kungekuwa kumvunjia Karume heshima mbele ya watu wake, tena wakati Muungano ungali mchanga; kuitambua kungemaanisha kugombana na Ujerumani Magharibi.

Bonn nayo ilikuwa imefungwa na mambo ya nyumbani kwake. Sheria ya Msingi ya mwaka 1949 iliwataka Wajerumani wakamilishe umoja wao, na mamilioni ya wakimbizi waliotoka mashariki walikuwa wapiga kura ambao hakuna chama kilichothubutu kuwapuuza. Humo ndimo ulimochipukia msimamo wa mwaka 1955, ujulikanao kwa jina la Hallstein, kwamba atakayeitambua Berlin Mashariki atahesabiwa kuwa ametenda jambo lisilo la kirafiki. Yugoslavia ilikatiwa uhusiano mwaka 1957, na Cuba mwaka 1963.

Uamuzi ambao Tanzania iliufanya Februari 1965 una alama ya Hati za Muungano waziwazi: ubalozi wa Unguja ushushwe, Ujerumani Mashariki iruhusiwe kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, lakini isitambuliwe kuwa dola. Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi, wakiwamo wakufunzi wa kikosi cha anga. Nyerere akajibu kwa kuikataa misaada yote iliyobaki ya serikali hiyo. Kazi ya kufundisha marubani ikaja kuchukuliwa na Kanada.

Atakayepinga atasema kwamba hiyo ilikuwa Vita Baridi tu. Vita Baridi inaeleza kwa nini shinikizo lilikuwa kali, lakini haielezi kwa nini jibu lilikuwa nusu kwa nusu namna ile. Mjamaa aliyetaka kuwapendeza Wamashariki angewatambua. Mtu wa Magharibi angewafukuza. Hoja ya pili ina nguvu zaidi: kwamba Zanzibar iliendelea kushughulika na marafiki zake wenyewe, na Wajerumani Mashariki wakaijengea nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani ambamo watu wanaishi mpaka leo. Ni kweli, katika miaka ya Karume sheria ilipindwa sana. Lakini hata hapo Unguja haikupata tena balozi kamili.

Karibu miaka thelathini baadaye orodha ile ile ilirudi mezani. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, kwa matumaini ya misaada ya maendeleo. Habari zilipotoka, wengi Bara walilitazama suala hilo kwa jicho la dini, na kwa maoni yangu hapo ndipo mjadala ulipopotoka, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa la katiba: nani mwenye mamlaka ya kuingia katika jumuiya ya mataifa? Kamati ya Bunge iliona kwamba katiba imevunjwa, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa.

Hasira ya Bara haikuishia hapo. Mwezi huo huo kundi la wabunge 55 lilipeleka Bungeni hoja ya kuunda Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Bunge likaikubali. Nyerere, ambaye alikuwa amestaafu urais, aliipinga kwa nguvu zote; katika kitabu chake cha mwaka 1994, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, alimshutumu waziwazi Waziri Mkuu John Malecela kwa namna alivyoliendesha jambo hilo. Hoja ikaachwa, na kabla ya mwaka huo kwisha Malecela hakuwa tena Waziri Mkuu.