Kopo la sprei ni mzee kuliko boda boda

Wasee, kuna imani moja huku mpakani inaniudhi sana: ukiona kijana amekalia ndoo nyuma ya nyumba akipulizia nduthi yake rangi, lazima anaficha kitu. Ama pikipiki ni ya wizi, ama usiku inavuka kwenda Uganda. Hakuna anayewaza kwamba labda madigadi imeoza tu. Mimi naona kazi hiyo ya nyuma ya nyumba ni ya zamani kama biashara ya boda yenyewe, na boda ilikuwa kitu chetu kabla haijawa cha Nairobi ama Kampala.

Tuanze na mpaka. Mwaka 1902 Waingereza walichukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauhamishia upande wa pili, ule ulioitwa East Africa Protectorate, ambao leo ni Kenya. Mstari ukapita katikati ya Wateso. Ndio maana mtu wa Chakol ana shangazi Tororo na hakuna anayeshangaa. Wakati huo wote bwana alikuwa mmoja, kwa hivyo mstari haukusumbua sana. Uganda ikapata uhuru 1962, Kenya 1963, na mstari ukawa mpaka wa ukweli, na mageti na watu wa forodha.

Sasa pale Busia, kati ya geti la Kenya na geti la Uganda kulikuwa na kipande cha barabara kinachozidi mita 800. Gari bila makaratasi halipiti. Mtu anapita kwa miguu, na mizigo yake kichwani, kwa jua. Kuna vijana wakaona hapo kuna pesa. Wakafunga mto kwenye keria ya baiskeli na kuanza kuita abiria: boda, boda! Yaani kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Hiyo ni miaka ya 60 kuingia ya 70. Kutoka Busia ikaruka hadi Malaba, na baadaye dunia nzima ikajua hilo neno. Mtu akikuambia boda ilianzia Kampala mwambie atulie.

Miaka ya 70 ndiyo baiskeli zilifanya kazi hadi zikalia. Idi Amin alishika serikali 1971 na baada ya muda Uganda ikakosa sukari, chumvi, sabuni. Halafu 1975 baridi kali ikaunguza kahawa Brazil, bei ikapanda dunia nzima, na kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka kimagendo kuja Kenya. Wazee wa upande wa Bungoma wakitaja Chepkube wanatabasamu, kwa sababu huko kuna watu walitajirika. Magunia mengi yalipita mpaka huu kwa magurudumu mawili.

Zile baiskeli nyeusi, Black Mamba, zilikuwa na rangi ngumu kweli. Kiwandani fremu ilipakwa enameli kisha ikachomwa kwa oveni hadi ikashika. Lakini hakuna enameli inayoshinda gunia. Keria inasuguliwa kila siku, rangi inatoka, chuma kinabaki uchi, mvua ya Aprili inakipata. Kutu haiogopi kitu ikishapata maji na hewa, na ubaya wake ni kwamba inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hivyo inasukuma rangi iliyo jirani kutoka chini. Unaona kidoti leo, mwezi ujao ni kiganja. Mwenye baiskeli alifanya alichoweza: msasa, brashi, na rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mlango. Nimeona Black Mamba moja hapa kijijini yenye fremu ya kijani cha dirisha. Bado inatembea.

Kazi za aina hiyo ndizo shirika la ILO lilikuja kuzisoma Kenya, likatoa ripoti 1972 iliyofanya dunia ianze kuongea kuhusu sekta isiyo rasmi. Sisi tunaiita jua kali. Niliacha chuo kabla ya mwaka wa tatu, lakini hiyo ripoti niliisoma hadi mwisho, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona wataalamu wakisema watu kama babu yangu wanafanya kazi, si kwamba wanangoja kazi.

Na kopo la sprei? Hilo lilitoka mbali. Mwaka 1949 kule Illinois, Marekani, jamaa anaitwa Ed Seymour alikuwa anauza rangi ya alumini ya kupaka radieta za kupasha nyumba joto. Alitaka njia rahisi ya kuwaonyesha wateja. Mke wake, Bonnie, akamwambia aweke rangi ndani ya kopo la presha kama yale ya dawa ya kunyunyiza. Basi. Kopo likauza kuliko rangi. Kwa hivyo hicho unachonunua hadweya ni wazo la mama mmoja, tena lina umri kuliko boda yoyote.

Pikipiki zenyewe zilijaa kwetu baada ya 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa zile zilizo chini ya 250cc. Ndani ya miaka michache baiskeli zikapotea stendi, Boxer na TVS zikaingia. Na tofauti na baiskeli, nduthi nyingi ni za mkopo ama za bosi. Hapo ndipo rangi inakuwa pesa. Ukimaliza kulipa miaka miwili baadaye, unabaki na mashine iliyobeba maji ya samaki kutoka Sio Port, kuku, simiti na vumbi jekundu. Injini iko sawa, lakini mnunuzi anaangalia tangi kwanza, anakukata bei kwa kutu ambayo ungeiondoa Jumapili moja.

Sasa hiyo Jumapili. Toa kipande kwenye pikipiki kwanza, usipulize juu ya waya na tairi. Osha na sabuni, kauka, kisha pangusa na tina, si petroli. Petroli huacha mafuta, na pia sitaki kusikia umeungua. Kama ni tangi, limwagwe mafuta yote, mvuke utoke, mfuniko ufungwe, na moto uwe mbali. Kutu itoke yote, kwa brashi ya waya halafu msasa mkali, namba 80, ukimaliza na laini kama 400 na maji. Wengi wanaharibu hapa. Wanapaka juu ya kutu wakidhani imefunikwa, na baada ya mvua mbili inatoa mapele. Vaa barakoa, hiyo vumbi ya rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi.

Halafu rangi ya chini, ile nyekundu kama udongo unayoiona kwenye mageti. Tikisa kopo dakika mbili. Simama kama sentimita 25, mkono usisimame, safu nyembamba tatu na si moja nene. Ikichuruzika acha ikauke, usiiguse na kidole. Rangi ya kawaida ya kopo inayeyuka ikimwagikiwa petroli, kwa hivyo pale mdomo wa tangi unahitaji vanishi ya kuchanganya na kigumu, na hiyo ni afadhali umpe fundi mwenye vifaa, moshi wake si wa kuvuta. Ekzosi nayo inataka rangi ya moto. Ukipaka ya kawaida, utanusa aibu yako hadi Adungosi.

Na kuhusu wale wa kukushuku: wamepata sababu, kwa sababu nduthi za wizi zinavuka kweli na zinabadilishwa rangi kweli. Baada ya ule unyama wa Machi 2022 Nairobi, boda waliomshambulia dada barabarani, askari walikaza hata huku. Ukirudisha rangi ileile hakuna shida. Ukigeuza nyekundu kuwa bluu, logbuku bado inasema nyekundu, na lazima uende NTSA ibadilishwe. Na namba ya fremu, pale karibu na usukani, ifunike na karatasi na selotepu kabla hujapuliza. Nimeona mtu akishinda kituoni siku nzima akikwangua safu tatu za rangi nyeusi kwa ukucha, ili tu namba yake isomeke.