Kisukari na miguu: Kwa nini mguu usiouma ndio wa kuogopwa na mtu wa mazoezi

Gary Mabbutt aliichezea Tottenham Hotspur mechi 611 na alikuwa nahodha wa kikosi kilichobeba Kombe la FA mwaka 1991. Muda wote huo alikuwa na kisukari aina ya kwanza. Mwaka 2018 alikwenda Afrika Kusini kumtembelea binti yake katika Hifadhi ya Taifa ya Kruger. Usiku akiwa amelala, panya alipanda kitandani akamtafuna mguu, kidole kikaliwa hadi kwenye mfupa.

Mabbutt alisimulia baadaye kwamba hakuhisi kitu.

Waswahili husema panya huuma huku akipuliza, ndiyo maana mtu hashtuki. Kwa mwenye kisukari aliyeingiwa na ganzi miguuni, panya hana hata haja ya kupuliza.

Na kisa hicho si cha Mabbutt peke yake. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dk Zulfiqarali Abbas, walichapisha ripoti ya kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania walioumwa na panya miguuni. Lakini panya ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Ganzi inayomfanya mtu asisikie meno ya panya ndiyo hiyo hiyo inayomfanya mwanachama wa klabu ya jogging asisikie kokoto ndani ya raba kwa kilomita tano nzima. Ndiyo inayomfanya dereva wa bodaboda asijue kuwa ekzosi imemuunguza kifundo cha mguu, na machinga azunguke kutwa na msumari umetoboa soli.

Kwa watu hawa, ushauri wa "pumzika nyumbani" hausaidii kitu. Wanatembea, wanakimbia, wanafanya kazi kwa miguu. Swali ni namna ya kuendelea bila kupata kidonda.

Ganzi inaingiaje?

Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, yaani inayofika hadi vidole vya miguu. Kuna wanaohisi miguu inawaka moto, inachomachoma, au kama inatembewa na sisimizi. Wengine hawahisi dalili yoyote, wanapitiliza moja kwa moja hadi kwenye ganzi bila kujua.

Mishipa hiyo ndiyo pia inayosimamia jasho na misuli midogo ya mguu. Ngozi inakauka, magaga yanapasuka kisiginoni, vidole vinaanza kujikunja, na uzito wa mwili unaegemea sehemu chache za unyayo. Hapo kila hatua inagonga palepale. Ngozi inajihami kwa kuota sugu, na sugu nayo inakuwa kama jiwe unalotembea nalo ndani ya kiatu. Chini yake damu inaweza kuvuja taratibu na nyama ikafa, huku juu panaonekana pagumu na pazima.

Halafu kuna mishipa ya damu. Ikiziba, kidonda hakipati damu ya kukiponya. Mabbutt huyo huyo, miaka kadhaa kabla ya kisa cha panya, alifanyiwa upasuaji mkubwa kuokoa mguu wake wa kushoto kwa sababu ya mishipa ya damu.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la New England Journal of Medicine ulikadiria kuwa kati ya watu 100 wenye kisukari, 19 hadi 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani maishani. Na kidonda kikipona, takriban watu 40 kati ya 100 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja.

Somo lililotoka kwa wagonjwa wa ukoma

Mtu aliyesaidia sana kulielewa hili hakuanza na kisukari. Dk Paul Brand, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, alikuwa akitibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940. Wakati huo watu waliamini ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand aliona kitu tofauti: wagonjwa walikuwa wanajiumiza kwa sababu hawasikii maumivu. Walishika vyungu vya moto na kutembea juu ya vidonda. Wengine waliamka asubuhi kipande cha kidole hakipo, na ikabainika kuwa panya walikuwa wanawatafuna usiku. Dawa ilikuwa rahisi ajabu: wagonjwa wakapewa paka.

Baadaye Brand alihamia Carville, Louisiana, nchini Marekani, na mafunzo yale yakaingia kwenye matibabu ya miguu ya wenye kisukari. Mengi yanayofundishwa kliniki leo, kama kukagua mguu kila siku, kupunguza mgandamizo na kupapasa unyayo kutafuta sehemu yenye joto, yana mizizi huko.

Je, mwenye ganzi aache kukimbia?

Kama hana kidonda, hapana. Zamani wenye ganzi waliambiwa wasitembee sana. Siku hizi ushauri umebadilika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watu wenye kisukari na ganzi waliopewa programu ya kutembea, na vidonda havikuongezeka kwa kiasi cha kutisha. Miongozo ya kimataifa inasema mtu mwenye hatari ndogo au ya wastani anaweza kuongeza hadi hatua 1,000 kwa siku juu ya alizozizoea, mradi viatu vyake viwe sahihi.

Neno la kushika hapo ni "alizozizoea". Hatari iko kwa yule aliyekaa wiki nzima ofisini, Jumamosi anaingia kwenye bonanza na kucheza dakika 90 kwa njumu za kuazima. Mguu wenye ganzi hauwezi kumwambia imetosha.

Mwenye kidonda kilicho wazi ni habari nyingine kabisa. Huyo hakimbii, hatembei kwa mazoezi na haogelei. Afanye mazoezi ya mikono na kifua akiwa amekaa, hadi daktari aseme kidonda kimefunga.

Jipime ganzi kwa dakika moja

Hospitali ya Ipswich, Uingereza, ndiko kulikotoka kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Lala au kaa, vua soksi, fumba macho. Mtu mwingine akuguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi, sekunde moja au mbili tu. Asibonyeze, asikwaruze. Aguse kidole gumba cha mguu, cha katikati na kile kidogo cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Jumla vidole sita. Ukihisi, sema.

Ukikosa kuhisi viwili au zaidi, chukulia kuwa ganzi imeingia na uende kliniki kwa kipimo kamili. Ukihisi vyote, usijipongeze sana. Rudia baada ya miezi kadhaa.

Raba za mtumba zina kesi yake

Wengi hununua raba mtumbani, na kusema ukweli, raba nzuri ya mtumba inaweza kuwa bora kuliko kiatu kipya cha plastiki. Tatizo ni kwamba soli ya ndani imeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Ing'oe uiangalie. Ikiwa imebonyea upande mmoja, weka nyingine. Pitisha mkono ndani hadi mwisho kabisa, tafuta mshono uliovimba, gundi iliyokauka, ncha ya msumari.

Usinunue kwa namba tu, na usimtegemee muuzaji anayesema "itaachia yenyewe". Mguu wenye ganzi huona kiatu kinachobana kuwa ndicho kinachokaa vizuri, kwa sababu ndicho pekee unachokihisi. Ndiyo maana wengi wao huvaa namba ndogo bila kujua.

Kuna mbinu rahisi. Nyumbani, simama wima juu ya boksi gumu, chora mguu wako kwa kalamu, ukate. Fanya hivyo jioni, wakati miguu imeshavimba kidogo. Nenda sokoni na vile vipande. Ukikiingiza kwenye kiatu kikajikunja kingo, kiatu hicho si chako hata kama bei imeshuka. Ndani kiatu kiwe kirefu kuliko mguu kwa sentimita 1 hadi 2, na vidole viwe na nafasi ya kutosha juu na pembeni.

Kiatu kipya, siku ya kwanza kivae nyumbani nusu saa. Vua, angalia. Sehemu iliyobaki nyekundu ndiyo itakayotoka malengelenge ukikimbia nacho. Soksi ziwe kavu na zisiwe na mshono mnene. Nyeupe zinafaa zaidi maana tone la damu au usaha linaonekana mara moja. Kandambili hazikingi kitu mbele ya kisiki au chupa iliyovunjika, na peku haifai hata sebuleni.

Kabla ya kuvaa kiatu, kila mara, kikung'ute na uingize mkono. Hata kama ulikivua dakika kumi zilizopita.

Baada ya mazoezi

Hapa ndipo macho na mikono hufanya kazi ya maumivu. Vua soksi, angalia juu, chini na katikati ya vidole. Usipoweza kuinua mguu, weka kioo sakafuni au washa kamera ya simu. Aliyeona uwezo wa macho umepungua amwombe mtoto au mwenza.

Pitisha mkono, linganisha miguu miwili. Watafiti wa Marekani walionyesha kuwa sehemu inayokaribia kupata kidonda hupata joto kwanza. Wenye kipimajoto cha ngozi wanaambiwa wapunguze kutembea na watafute ushauri sehemu moja ikizidi ya mguu wa pili kwa nyuzi 2.2 za Selsiasi kwa siku mbili mfululizo. Mkono hauna usahihi huo, lakini ni bora kuliko kutopima.

Mguu mzima ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto bila kidonda na bila maumivu makubwa, usiukande wala usiusubirie. Inawezekana mifupa inavunjika ndani kwa ndani, hali inayoitwa Charcot. Acha kuukanyaga, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Maji ya moto yenye chumvi, ambayo wakimbiaji wengi huyapenda, yaachwe. Mguu wenye ganzi unaungua bila taarifa. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Anayetawadha mara tano kwa siku akaushe katikati ya vidole kila mara, fangasi hupenda hapo. Na mahujaji wenye kisukari wamewahi kuungua nyayo kwa kutembea peku juu ya sakafu yenye jua kali huko Makka, jambo ambalo madaktari wa Saudi Arabia wameliandikia ripoti.

Mafuta ya kulainisha ngozi yapakwe kisiginoni na juu ya mguu, si katikati ya vidole. Kucha zikatwe moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Sugu isikatwe kwa wembe wala isiwekewe dawa ya kuunguza. Hiyo ni kazi ya kliniki.

Kidonda kikitokea

Lengelenge lisipasuliwe. Mchubuko uoshwe kwa maji safi, ukaushwe, ufunikwe kwa bandeji safi, kisha mtu aende kituo cha afya bila kusubiri uone siku tatu. Unga wa kapsuli, dawa ya meno na majivu havitibu. Vinaficha kidonda tu daktari asikione vizuri. Harufu, usaha, weusi, wekundu unaopanda, homa, au sukari kupanda ghafla bila sababu ni dharura.

Na jambo gumu kuliko yote: usiukanyage. Bandeji inayobadilishwa kila siku haiponyi kidonda kama mtu anaendelea kukisimamia kutwa nzima. Kwa anayeishi kwa kutembea, hiyo ni hasara ya kipato ya wiki kadhaa, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini kidonda kikifika mfupani, matibabu huwa marefu zaidi, na wapo wanaoishia kukatwa mguu.

Kliniki mara ngapi?

Miongozo ya kimataifa inataka asiye na ganzi na mwenye damu inayofika vizuri mguuni akaguliwe mara moja kwa mwaka. Mwenye ganzi peke yake, au mwenye tatizo la damu peke yake, kila miezi 6 hadi 12. Mwenye hali hizo zote mbili, au moja wapo pamoja na vidole vilivyopinda, kila miezi 3 hadi 6. Aliyewahi kupata kidonda au kukatwa kidole na bado ana mojawapo ya matatizo hayo, kila mwezi 1 hadi 3.

Siku ya kliniki nenda na raba unazokimbilia, na uvue viatu na soksi hata kama daktari hajaomba.