Uhuru wa Watumwa Mbele ya Wasomaji wa Voi

Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela, kilichapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934, na kwa miaka mingi kilisomwa katika shule za Afrika Mashariki. Wahakiki wamebishana iwapo ni riwaya au ni historia. Makala haya hayakusudii kuurudia ubishi huo. Yanadai kwamba kitabu kilichozoeleka tangu utotoni hakihakikiwi ipasavyo mpaka kisomwe tena, kwa sauti na kwa pamoja, na watu wenye kumbukumbu ya mahali pao.

Masimulizi yanafuata safari ya mateka, baba wa mwandishi akiwa miongoni mwao: kutoka nchi ya Wayao hadi baharini, kisha kuokolewa na manowari ya Waingereza na kupewa makao Frere Town, mtaa ulioanzishwa na wamisionari wa CMS karibu na Mombasa mwaka 1875. Mwarabu ndiye mwovu, Mwingereza ndiye mkombozi. Mpango huu ni mwepesi kwa mtoto kuufuata, na hapo ndipo ilipo nguvu yake na hatari yake.

Wasomaji wachache tuliokisoma pamoja mjini Voi, sura moja kila jioni, tuligawanyika mapema. Mwalimu mmoja mstaafu alikitetea: ndicho kilichomfundisha kupenda Kiswahili. Kijana mmoja alitaka kiachwe kabisa, kwa kuwa kinamsifu mkoloni. Kilichotupatanisha ni historia ya Taita yenyewe. Juu ya Voi uko mlima wa Sagalla, ambako CMS ilianza kazi mwaka 1883. Muda mfupi baadaye ilikuja njaa inayokumbukwa kwa jina la Mwakisenge, na wapo waliowekwa rehani kwa majirani ili jamaa zao wapate chakula. Kwa msomaji wa Taita, basi, mtu kupoteza uhuru wake si habari ya majahazi peke yake. Huweza kuanzia kwenye ghala tupu la nyumbani.

Aidha, tarehe zinaukosoa usimulizi. Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1895, lakini hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Miaka sita tu baada ya kitabu kutoka, yaani mwaka 1940, serikali hiyo hiyo iliyosifiwa ilikipiga marufuku chama cha Taita Hills Association, kilichotetea ardhi ya Wataita. Neno uhuru lililomo katika anwani lilikuwa limekwisha kuwapita wahusika wake.

Hata hivyo, kukitupa kitabu kungekuwa kosa. Shukrani ya Mbotela ni ya kweli, kwani ni shukrani ya mwana kwa waliomnusuru babake. Kasoro iko katika kuifanya shukrani ya ukoo mmoja kuwa hukumu juu ya historia nzima. Msomaji wa peke yake huenda akaipokea hukumu hiyo au akaikataa. Wanaosoma pamoja hulazimika kuulizana: ni nani aliyeokolewa, na ni nani ambaye manowari haikumfikia? Swali hilo lastahili kuingizwa katika ufundishaji wa riwaya ya Kiswahili.